Asiye na Kitanda

Jumanne, tarehe 9 Julai 2086. Sakitu nene, chai yote kutoka barabarani hadi bondeni ni nyeupe kana kwamba imenyunyiziwa unga. Maji ya ndoo yameshika ngozi ya barafu. Hakuna upepo.

Hayo niliyaandika kwenye daftari la Nyumba ya Baridi kabla sijavua glavu. Mtunza zamu huanza na tarehe na hali ya hewa, kisha husali, kisha huita majina. Nimefanya hivyo miaka minne, tangu magoti yaliponikataza kuchuma chai. Sala yangu ya asubuhi ni fupi. Husema: Bwana, hawa ni wako, sisi tunawahesabu tu.

Majina yalikuwa mia tatu kumi na mbili, na karibu wote wamelala, kila mmoja chini ya kioo chake. Wote walipatwa na Homa ya Majivu, ile inayokula kumbukumbu kama nondo anavyokula blanketi. Dawa yake ni kulala kwenye baridi miaka saba, na baridi hiyo humwosha mtu kichwa chote. Kwa hiyo kabla ya kulazwa, mgonjwa alichotwa kumbukumbu zake zote zikawekwa kwenye mashine, na siku ya kuamka humwagiwa tena. Mashine za kuchota zilikufa pamoja na mitandao mikubwa. Yetu hapa Njombe, ndogo na kongwe, inajua kumwaga tu, na ikimwaga hubaki na nakala. Kilichomo ndani yake kikipotea, hakuna mahali pa kukichota tena.

Kwa kawaida wakati wa kuita majina tunakuwa wawili, mimi na Mwalimu Chaula, fundi wa Nyumba. Asubuhi ya leo ukumbi ulijaa. Ilikuwa arobaini ya Mzee Anselmi Mbilinyi wa kitanda cha arobaini na moja. Aliyefia usingizini huendelea kuitwa siku arobaini pamoja na wenzake, na siku ya mwisho ndugu huja kulisikia jina lake mara ya mwisho, kisha hufutwa. Walikuja kumi na watatu, wamejifunga mablanketi, na chupa mbili za chai. Nyuma yao walisimama Bi Demetria Ngailo na binti yake Vestina. Bi Demetria alikuwa wa kitanda cha arobaini na mbili. Aliamka siku ishirini na sita zilizopita, na leo alikuja kupimwa.

Niliita. Kila jina likiitwa, kipaza sauti cha juu ya kitanda hutoa pumzi ya aliyelala, moja tu, ndefu.

"Arobaini na moja. Anselmi Mbilinyi."

Kipaza sauti kilikaa kimya. Mjane wake alijifunika uso kwa khanga.

"Arobaini na mbili. Demetria Ngailo."

Walioamka wakija kututembelea hujiitikia wenyewe. Ni furaha yetu ndogo hapa. Bi Demetria hakuitika. Vestina alimgusa kiwiko. "Mama, unaitwa wewe."

"Nipo," akasema, kama mtu aliyesukumwa.

"Arobaini na tatu. Imelda Sanga."

"Nipo."

Lilitoka upesi, bila kusukumwa. Na papo hapo, kutoka kitanda cha arobaini na tatu, pumzi ya Imelda Sanga ikasikika, ndefu, ikiitikia jina lilelile.

Shemeji wa marehemu alicheka. "Bibi huyu anaitikia kwa wote! Siku ya kiama atawapita watu foleni."

Watu wakacheka naye. Bi Demetria hakucheka. Alikuwa ameziba mdomo wake kwa viganja viwili, macho yamemtoka, kama mtu aliyevunja chombo nyumbani kwa wengine.

*

Niliendelea hadi mia tatu kumi na mbili kwa sababu majina hayakatizwi katikati. Kisha nilikwenda chumba cha mashine nikafunga mlango.

Lazima nieleze kidogo. Kila Jumatatu na Jumatano jioni Mwalimu Chaula hutufundisha humo ndani, akina mama watano na mzee mmoja mstaafu wa posta, ili siku akiugua pasikosekane mtu wa kuitunza mashine. Ni kijana wa miaka thelathini na moja, na huniita Mama Mkuu kwa sababu ya rozari yangu. Mwezi wa kwanza sikuelewa kitu. Nilikuwa nikisali njiani kwenda darasani, na nikirudi nasali tena.

Lugha ya mashine hiyo ni ya zamani na ni fukara. Haina namna ya kusema "mtu". Inajua safu tu, yaani vitu vya aina moja vilivyopangwa kwa kufuatana na kupewa namba. Kwa hiyo wazee waliotutangulia walitengeneza safu nne: JINA, KITANDA, PUMZI na KUMBUKUMBU. Ukitaka kumpata Mzee Anselmi, unachukua cha arobaini na moja kutoka safu ya kwanza, cha arobaini na moja kutoka ya pili, na ya tatu, na ya nne. Ukiviweka pamoja, ndiye huyo.

"Mtu hayumo ndani ya safu yoyote," Mwalimu alitufundisha. "Mtu ni ile namba inayopita katika zote nne. Namba ikiteleza, mtu ametoweka, na ukitafuta kilichopotea hukioni."

Maneno hayo yalinitisha. Nyumbani nilipigilia misumari minne ukutani, nikatundika rozari nne sambamba, nikawa napitisha kidole punje kwa punje kwa upana, kutoka rozari hadi rozari. Hapo ndipo nilipoelewa.

Wiki iliyopita alitufundisha HESABU, amri inayouliza safu ina vitu vingapi. Siku zote Nyumba ilikuwa ikihesabu JINA peke yake, kwa sababu majina ndiyo tunayoita. Leo niliziuliza zote nne.

JINA, mia tatu kumi na mbili. KITANDA, mia tatu kumi na mbili. PUMZI, mia tatu kumi na mbili.

KUMBUKUMBU, mia tatu kumi na moja.

Nilikaa chini. Nilijua ni nani aliyefanya hivyo.

Alhamisi ya mwisho ya Mei, siku tuliyomzika Mzee Anselmi, mjane wake aliniomba kumbukumbu za mumewe ziende naye kaburini. Ndivyo watu wetu wanavyotaka. Jina la marehemu hukaa siku arobaini, lakini moyo wake haufai kubaki ndani ya chombo kama mzimu uliofungiwa chupani. Zamani fundi alikuwa akizinakili, kisha anazifuta na kuacha mahali pale patupu. Mwalimu Chaula alikuwa amesafiri. Nilikuwa nimejifunza ONDOA siku tatu tu kabla, na nilijivunia. Nikasali Baba Yetu. Nikaandika ONDOA KUMBUKUMBU 41. Kigae cha kioo kikatoka chenye maisha ya mtu ndani yake, kikiwa na joto kama yai, nikamkabidhi mjane akakiweka kiganjani mwa maiti.

Sikuacha patupu. Nilikata punje moja kwenye rozari moja, na punje zote za chini yake zikapanda hatua moja. Tatu zilizobaki zikakaa pale pale.

Wiki mbili baadaye tulimwamsha Bi Demetria. Mashine ilichukua kumbukumbu ya arobaini na mbili ikammwagia. Lakini mahali pa arobaini na mbili palikuwa pameshakaliwa na Imelda Sanga.

*

Mwalimu Chaula alizisoma zile namba nne mara moja tu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Kuna mwingine aliyeamshwa tangu hapo?"

"Hakuna. Anayefuata ni wa Agosti."

"Basi Mungu wako amekuhurumia, Mama Mkuu. Tunaingiza patupu mahali pa arobaini na moja, wote wanarudi mahali pao. Dakika moja."

"Na kumbukumbu za Demetria mwenyewe ziko wapi?"

Alijua kabla sijamaliza kuuliza. Zilikuwa zimepanda mahali pa marehemu. Na leo ilikuwa arobaini. Saa nne, mbele ya ndugu, nilitakiwa kufuta mstari wa arobaini na moja katika safu zote, kama sheria inavyosema. Kama yule mama asingeitikia jina lisilo lake, saa nne ningemfuta Demetria Ngailo duniani huku nikiimba.

Mwalimu alivuta kiti karibu, akapunguza sauti. "Sikiliza, mama yangu. Yule mwanamke anakula, anacheka, analea mjukuu. Tukimmwagia Demetria wa kweli, kumbukumbu mpya zitamfunika huyu aliyepo. Siku ishirini na sita zake zitakwisha kama hazikuwahi kuwapo. Utakuwa umemuua aliye macho ili kumfufua aliyelala."

"Na nisipofanya?"

"Unafuta mstari wa marehemu kama desturi. Unaingiza patupu. Safu zinalingana. Hakuna atakayejua."

"Demetria atajua."

"Demetria hajui chochote. Demetria ni kitu kwenye safu."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hayumo kwenye safu."

Dirishani jua lilianza kuigusa sakitu, na chai ikawa inatoa mvuke bonde zima, kimya, kama watu wengi wanaopumua kwa pamoja. Nilitafuta sala na sikuipata. Nilipata tu ile ya asubuhi: tunawahesabu tu. Tuliwahesabu vibaya.

*

Nilimkuta kwenye kitanda cha arobaini na tatu. Alikuwa ameinama juu ya kioo, na chini ya kioo kulikuwa na uso wa Imelda Sanga: mwembamba, ndita mbili katikati ya nyusi. Vestina alisimama mbali kidogo, amekumbatia kikapu chenye nyuzi za sufu.

"Shikamoo, dada," yule mama alisema bila kugeuka. "Unajua siku ya tatu ndipo nilipojua? Nilitafuta kovu langu la mundu hapa gotini. Halikuwepo. Kisha nikaona vidole hivi. Vifupi. Havijui kufuma. Vimechukua wiki mbili kujifunza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Niliambiwa wewe ni Demetria, huyu ni binti yako. Nikaona huenda ndiyo ugonjwa wenyewe. Kisha mtoto akanipanda mapajani." Sasa aligeuka. "Yule mjukuu, Kolela, ana miaka minne. Wote wananiita Mama, wananiita Bibi. Yeye siku ya kwanza alinitazama, akawaambia, 'Huyu ni bibi mpya.' Wakamcheka. Mpaka leo ananiita Bibi Mpya."

Vestina alisema kwa sauti ndogo, "Mimi pia nilijua."

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Alisifu ugali wangu." Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Mama yangu hajawahi kusifu ugali wangu tangu nizaliwe! Mama yangu angeutazama, akaniuliza kama nimewapikia nguruwe. Nilijiambia ugonjwa umempa upole. Nilimshukuru Mungu kwa ugonjwa. Nisamehe, dada Gaudensia, nilishukuru."

Niliwaeleza. Nilitoa rozari yangu, nikaazima ya Vestina, nikazishika sambamba, nikawaonyesha punje inavyopanda. Niliwaambia ni mimi. Sikusema mashine, sikusema bahati mbaya. Nilisema mkono wangu.

Yule mama alisikiliza hadi mwisho, kiganja chake kikiwa juu ya kioo. Chini yake Imelda alipumua, na ukungu mdogo ukaja kwenye kioo na kuondoka. Kisha nikaona jambo ambalo ningependa nisingeliona. Walikuwa wakipumua pamoja. Mwili mmoja ulikuwa umelala na mwingine umesimama, na pumzi zilikuja na kwenda kwa mpigo mmoja.

"Huyu akiamka," aliuliza, "atakumbuka yote ninayoyakumbuka? Kovu? Mume wangu? Wimbo wa kupalilia?"

"Yote. Mpaka siku aliyolazwa."

"Basi Imelda hana haja na mimi. Imelda yupo." Alifikiri. "Na Demetria ana haja na mwili huu. Sasa mimi ni nani, dada? Nina siku ishirini na sita tu. Mtoto mchanga ana nyingi zaidi."

"Mwalimu anasema si lazima," nilimwambia. Nililazimika kumwambia. "Anasema wewe uko hai, na unaweza kukaa."

Vestina aliinua uso. Sijawahi kuona uso uliotaka mambo mawili kwa nguvu namna ile. Yule mama alimtazama, akamfuta machozi kwa vile vidole vifupi.

"Usinisaidie kuchagua, mwanangu," alisema. "Mama yako yuko humo ndani na hawezi kusema. Mimi naweza kusema. Mwenye mdomo ndiye anayepaswa kuogopa kumla asiye nao."

"Utafanya nini?" nikamuuliza.

"Jumapili. Nipe hadi Jumapili. Sweta ya Kolela imebaki mikono." Kisha akatazama vitanda vilivyojipanga ukumbi mzima. "Siogopi kwenda. Naogopa kwamba hakuna hata safu moja yenye mimi. Hao wote unawaita asubuhi. Hata huyo mzee aliyekufa umemwita siku arobaini. Mimi nani ataniita?"

*

Saa nne ndugu wa Mzee Anselmi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, chai imeshakwisha. Mwalimu Chaula alisimama kando ya mashine, mikono nyuma. Nilipoingia na wale wanawake wawili alinitazama, akaelewa, akafumba macho kidogo. Kisha akanivutia kiti. Nitamshukuru kwa kiti hicho maisha yangu yote.

Niliwaambia watu wote nilichofanya siku ya maziko. Mjane alisema, "Ni mimi niliyekuomba." Nikamjibu, "Uliniomba kigae, mama. Hukuniomba niteleze." Yule shemeji aliyecheka asubuhi alivua kofia akaipakata, na hakutania tena.

Kisha nilifanya kazi, nikisoma kila amri kwa sauti kabla ya kuiandika. Niliingiza patupu kwenye KUMBUKUMBU mahali pa arobaini na moja. Niliuliza HESABU kwa zote nne, na zote nne zikajibu mia tatu kumi na mbili. Mwalimu alithibitisha kumbukumbu ya Demetria imerudi kwenye namba ya Demetria, na ya Imelda kwa Imelda. Ndipo nikamwita Mzee Anselmi kwa mara ya mwisho kabisa, tukasali, nikamwondoa katika safu ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mia tatu kumi na moja.

"Bado," nikasema.

Nilikwenda mwisho wa safu, mahali pasipokuwa na mtu. Nilimuuliza yule mama jina. Hakusita.

"Bibi Mpya."

Nikaandika kwenye JINA: Bibi Mpya. Kwenye KITANDA niliandika sifuri, maana hana. Kwenye PUMZI, sifuri. Mwalimu aliinama akaninong'oneza, "Mashine haiwezi kumchota, mama. Utaweka nini kwenye ya nne?"

"Maneno," nikasema. "Atanisimulia, nitaandika. Siku moja baada ya nyingine, zote ishirini na sita, na hizi zitakazofika Jumapili. Si kumbukumbu. Ni maneno tu. Lakini hapatakuwa patupu."

Nikaandika kwenye KUMBUKUMBU maneno ya kwanza, "Siku ya kwanza", kisha nikauliza HESABU kwa zote nne. Mashine ilijibu mia tatu kumi na mbili, namba ileile ya asubuhi, na mjane wa Mzee Anselmi akafanya ishara ya msalaba.

Niligeuka. Magoti yalikataa, kwa hiyo Mwalimu alinishika mkono nikasimama wima. Nilimtazama yule mama machoni, macho ya Demetria Ngailo, ambamo mtu mwingine alikuwa akinitazama na kuningoja.

"Mimi, Gaudensia Mlowe," nikasema, kwa sauti ambayo hata waliolala mwisho wa ukumbi wangeisikia, "mbele ya Mungu, mbele ya Vestina Ngailo na Mwalimu Chaula, na mbele ya ukoo wa Mbilinyi, naahidi. Jumapili ukija kwa miguu yako, nitakushika mkono hadi mwisho. Usipokuja, sitamtuma mtu akulete. Nitakaa na Demetria, nimlinde mahali pake mpaka utakapokuwa tayari. Imelda akiamka, nitamsomea siku zako, asijue habari zako kwa kusikia uvumi. Na kila asubuhi nikimaliza kuandika sakitu na upepo, nitaita majina yote, na la mwisho litakuwa lako. Nitaita, na nitangoja kwa kiasi cha pumzi moja, kama ninavyowangoja wote, hata kama hakuna atakayeitika. Nikishindwa kuja, atakayeshika zamu yangu ataita. Nasema haya mkisikia nyote."

"Nimesikia," akasema Mwalimu Chaula.

"Tumesikia," wakasema wao.

Na Bibi Mpya, bila mtu kumgusa kiwiko, akasema, "Nipo."